ASIYEJUA KUCHEZA HUSEMA UWANJA MBOVU
Chimbuko la misemo na mizaha ya ngoma, nyimbo na maigizo

Naam, mwaka umezunguka kama pia na jarida la Chama chetu cha Kiswahili limerudi tena mikononi mwenu. Safari hii nimepewa kurasa hizi, si kwa sababu mimi ni bingwa wa lugha, la hasha! Nimepewa kama adhabu. Hebu tulieni niwaeleze, halafu mtahukumu wenyewe.

Muhula wa pili kundi letu la ngoma lilikuwa likifanya mazoezi ya tamasha la muziki katika uwanja ulio nyuma ya bwalo. Ngoma yenyewe ilikuwa ya Pwani, ya miguu mitupu na leso kiunoni. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa nimemkosea vya kutosha, ndiye aliyeongoza mstari wa mbele. Mimi na wenzangu tulikuwa tumeketi ukutani tukila njugu. Mara yule dada akajikwaa, akapepesuka, akaanguka kifudifudi. Alipoinuka akijishika kifundo cha mguu alisema, "Uwanja huu una nyufa."

Ati nami, kwa kimdomomdomo changu, nikapaza sauti: "Asiyejua kucheza husema uwanja mbovu!"

Lo! Watu walicheka hadi mbavu zikawauma. Waliokuwa na sahani walizipiga kwa vijiko. Kuanzia jioni hiyo yule dada akabandikwa jina, akawa anaitwa "Uwanja". Kwenye foleni ya chakula: "Uwanja, sogea." Darasani: "Uwanja, nipe kalamu." Siku ya tatu akamrudishia mwalimu leso na kayamba, akasema yeye na ngoma basi. Mashindano yalikuwa yamebakisha siku kumi na mbili, na hapakuwa na mwingine aliyezijua hatua zile.

Mwalimu mlezi wa chama chetu akaniita ofisini. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Wewe unazijua methali?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ile uliyoisema uwanjani inatoka wapi?"

"Kwa wahenga, mwalimu."

"Wahenga gani? Walikuwa wakicheza nini? Wapi?"

Nikabaki kimya kama maji mtungini. Basi akaniambia nimtafutie misemo ya ngoma, nyimbo na maigizo, na kila msemo niuandikie kazi iliyouzaa. "Ukimaliza," akasema, "utajua ulichomrushia mwenzako." Haya ndiyo niliyoyakuta.

NGOMA NI NENO PANA

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kwa Kiswahili ngoma ni kile chombo cha mti na ngozi. Ngoma pia ni uchezaji wenyewe, na ni sherehe nzima: watu, chakula, nyimbo na mkesha. Siku hizi kijana wa Kitengela akikwambia kuna "ngoma kali" imetoka, anamaanisha wimbo. Si Waswahili peke yao wenye neno hili. Waganda husema eng'oma kwa chombo hicho. Wanyarwanda husema ingoma, na kwao neno hilo ni la ngoma na pia la utawala wa mfalme. Wazulu kule kusini wana ingoma kwa maana ya wimbo na uchezaji. Kumbe neno hili limetembea na Wabantu masafa marefu. Ndiyo maana misemo yetu mingi ya sanaa imeanzia kwenye ngoma.

NGOMA IKILIA SANA HUKARIBIA KUPASUKA

Wengine husema "ngoma ikivuma sana haidumu". Sote tunautumia msemo huu kwa mtu anayejigamba kupita kiasi au kwa jambo lililofika kileleni. Lakini umewahi kujiuliza kwa nini ngoma ipasuke kwa kulia?

Jibu limo katika ngozi. Ngoma huwambwa kwa ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe ikiwa ingali mbichi. Hewa ikiwa na unyevu, ngozi hulegea na sauti huwa nzito, imezibana. Kwa hiyo wapigaji huzileta ngoma karibu na moto. Joto hukausha ule unyevu, ngozi hujikaza, na sauti hupanda ikawa kali. Basi ngoma inayolia kwa ukali kuliko zote ndiyo ngozi yake iliyovutika kuliko zote. Ongeza moto kidogo au pigo moja zito, itachanika. Aliyeutunga msemo huu alikuwa mtu wa kazi. Hakuwa akikemea majivuno kwanza, alikuwa akimwonya mpigaji mwenzake, "Ndugu yangu, iondoe motoni hiyo!"

MWANZO WA NGOMA NI LELE

Ngoma haianzi kwa kishindo. Kiongozi huanza kwa kuvuta sauti tu, "lele, lelele", akitafuta mahali pa kuuweka wimbo, huku wengine wakimfuata polepole. Asiyejua atadhani hakuna ngoma hapo na ataondoka zake. Mwenye kujua huanza kujifunga leso. Kwa hiyo tukiambiwa kwamba mwanzo wa ngoma ni lele, tunafunzwa kwamba mambo makubwa huanza kwa dalili ndogo. Nidhamu ya shule ikianza kulegea, mwalimu wa zamu husikia lele yake mapema, kabla hata ya kengele.

NGOMA YA WATOTO HAIKESHI

Msemo huu wazee wanaupenda mno na sisi vijana hatuupendi hata kidogo. Ngoma za watu wazima zilikesha kwa sababu zilikuwa na mpango: kulikuwa na mwenye ngoma, wapishi, wapigaji wa kupokezana, na wazee wa kuamua magomvi. Watoto hujikusanyia makopo yao, wakacheza kwa raha kweli kweli, lakini giza likiingia mmoja anasinzia, mwingine ana njaa, wa tatu kaitwa na mama yake. Kinachowashinda watoto si uchezaji. Ni maandalizi. Ukiuelewa hivyo, msemo huu si tusi tena. Ni ushauri kwa kila kamati ya wanafunzi, pamoja na yetu.

MCHEZA KWAO HUTUNZWA

Hapa wengi hudhani maana ni "kutunzwa" kwa kulelewa. Sivyo. Kutunza ngomani ni kumpa mchezaji zawadi hadharani. Mtazamaji akifurahi huinuka, akamwendea mwimbaji au mchezaji na kumpa pesa mbele ya watu. Katika taarabu desturi hii ingali hai: wimbo ukimgusa mtu huenda mbele na noti yake, na mara nyingine anamtunza mwimbaji ili jirani aliyekosana naye aone kwamba ubeti ule unamhusu yeye. Hapo pesa nayo inasema.

Basi mcheza kwao hutunzwa kwa kuwa kwao wanamjua, wanaijua lugha ya wimbo, na ndugu zake wamo mle uwanjani. Ugenini utacheza vizuri na usitunzwe, si kwa ubaya wa mchezo wako, bali kwa sababu hakuna anayekujua. Niliposoma hapo nilisita. Yule dada yetu alikuwa akicheza kwao, mbele yetu sisi, na sisi tulimtunza kwa kumzomea.

MBIU YA MGAMBO NA DEBE

"Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo." Mbiu ni pembe ya nyati iliyopigwa kuita watu, na mgambo ni tangazo lenyewe la kuwakusanya. Haikupigwa ovyoovyo. Iliposikika watu waliacha majembe wakaenda kusikiliza. Ndugu yake mkubwa mbiu ni siwa, baragumu kubwa la fahari lililopigwa katika sherehe za heshima, zikiwemo harusi za wakubwa. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu na ile ya Lamu ni ya shaba. Zote mbili zimehifadhiwa kama hazina ya taifa.

Mbiu ilipopungua likaja debe. Debe ni lile kopo kubwa la bati la mafuta, la lita kama kumi na nane hivi, ambalo mama zetu hulitumia kupimia mahindi sokoni. Ukiligonga linatoa kelele kubwa kwa gharama ndogo, ndipo wanaotaka kuitia watu biashara wakaanza kulipiga. Leo pale Kitengela, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Namanga, wapiga debe wa matatu hawana debe hata moja. Hugonga ubavu wa gari kwa kiganja. Na mwanasiasa "anapopigiwa debe" hakuna kinachogongwa ila ndimi. Chombo kimetoweka na msemo umebaki. Hivyo ndivyo misemo mingi inavyoishi.

KINYAGO ULICHOKICHONGA MWENYEWE HAKIKUTISHI

Wamakonde wa mpakani mwa Tanzania na Msumbiji ni wachongaji mashuhuri. Wapo na hapa kwetu: mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wamakonde walioishi Pwani kwa miaka mingi. Wana ngoma iitwayo mapiko. Mchezaji huvaa kinyago cha mti kichwani, mwili wote ukafunikwa kwa nguo, naye huwakimbiza watazamaji. Zamani wanawake, na watoto ambao hawajaenda jandoni, hawakutakiwa kujua ni nani aliye ndani. Waliogopa kikweli. Lakini fundi aliyekichonga anajua ni gogo tu, anakumbuka hata mahali patasi ilipoteleza. Yeye atatishwa na nini? Ndiyo sababu mzee humwambia mtoto wake aliyepata cheo akaanza kumfokea: kinyago nilichokichonga mwenyewe, kitanitishaje?

VIOJA, VITIMBI NA USANII

Tukija kwenye maigizo mambo yanageuka. Huku sanaa haikuzaa methali nyingi, bali mizaha na maneno ya kejeli.

Mnavikumbuka vipindi vya Vioja Mahakamani na Vitimbi? Wazazi wetu walivitazama tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla shirika hilo halijapewa jina la KBC mwaka 1989. Mzee Ojwang', ambaye jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, alituaga mwezi wa Julai mwaka 2015, na hadi leo mtu akivaa miwani mikubwa atatajiwa jina lake. Maneno yenyewe ni ya kale kuliko runinga. Kioja ni jambo la kustaajabisha. Kitimbi ni hila. Lakini vipindi hivyo viliyafanya yachekeshe. Sasa mama akimwambia mtoto "usiniletee vitimbi hapa", yeye anakemea na mtoto anacheka. Runinga imelipunguzia neno makali yake.

Neno "usanii" nalo limekwenda kinyume cha hapo. Sanaa ni neno tulilolipata kutoka kwa Waarabu, lenye maana ya kazi ya ufundi. Msanii kwa asili ni fundi, mtu wa kuheshimiwa. Lakini sikiliza mitaani: "Huyo jamaa anatufanyia usanii!" Yaani anatudanganya. Ahadi ya uongo ni "maigizo". Bunge likivurugana magazeti huandika "sarakasi", neno lililotokana na mchezo wa Wazungu wa kuruka na kubiringika, wanaouita circus. Hila ni "kiini macho" au "mazingaombwe". Karibu kila kazi ya jukwaani imegeuzwa kuwa jina la uongo!

Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu mwigizaji mzuri hutuaminisha jambo ambalo si kweli, nasi tunamlipa kwa hilo. Ila kuna tofauti ambayo msemo unaisahau. Mwigizaji na mtazamaji wamepatana kabla ya pazia kufunguliwa. Tapeli hakupatana na mtu. Wanafunzi wamekuwa wakiigiza katika mashindano ya kitaifa ya michezo ya kuigiza tangu mwaka 1959, na tamasha la muziki ni la zamani zaidi, lilianza mwaka 1927. Wote hao hawakumwibia mtu hata senti.

TAHADHARI: HADITHI TAMU SI USHAHIDI

Katika utafiti wangu nililetewa hadithi nyingi. Rafiki yangu mmoja aliapa kwamba "mcheza kwao hutunzwa" ilianza kwa mfalme fulani aliyemwoza binti yake kwa mchezaji. Nilipomsimulia mwalimu aliuliza, "Mfalme yupi? Mwaka gani? Na huo msemo unataja mfalme wapi?" Ikawa basi.

Tatizo hili si letu pekee. Waingereza humwambia mwigizaji anayeingia jukwaani avunjike mguu, na wanamaanisha kumtakia mema. Wajerumani nao wana kauli kama hiyo ya kuvunjika shingo na mguu. Hadithi za kueleza chanzo chake ni nyingi ajabu na zinapingana, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Walilokubaliana ni kwamba watu wa jukwaani huogopa kutaja heri waziwazi isije ikageuka. Mwalimu alinifunza njia tatu za kupima. Kwanza, yasome maneno yenyewe ya msemo. Pili, itazame kazi inayotajwa, uone kama jambo lile hutokea kweli. Tatu, waulize majirani kama nao wanao.

WASIO NA NGOMA HUSEMAJE?

Njia ya tatu ilinipeleka Kajiado kwa nyanya ya rafiki yangu. Wenyeji wa Kajiado husema jina hilo limetokana na Olkejuado, yaani mto mrefu, ingawa siku tuliyofika hatukuona maji. Rafiki yangu aliinamisha kichwa aguswe utosini kama ilivyo desturi, nami nikafanya vivyo hivyo. Kisha nikamwamkia, "Takwenya, Koko." Akaitikia, "Iko," akacheka Kimaasai changu.

Nikamuuliza kama Wamaasai wana methali ya ngoma kupasuka. Akanishangaa. "Ngoma gani, mjukuu wangu? Sisi hatuna ngoma."

Kumbe! Hapo ndipo nilipopata somo langu kubwa. Uimbaji wa asili wa Wamaasai ni wa sauti za watu. Kiongozi, aitwaye olaranyani, huuanzisha wimbo, na kundi linamwitikia kwa sauti nzito za koo zinazofanya kazi ambayo kwingine hufanywa na ngoma. Katika sherehe kubwa hupigwa pembe ya tandala. Sherehe tatu za wanaume, yaani Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, ziliwekwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Kwa hiyo mtoto wa Kajiado anayesema "ngoma ikilia sana hupasuka" ameupata msemo huo shuleni, redioni au sokoni. Umepanda kutoka Pwani kama chumvi na nguo zilivyopanda.

"Na wachezaji wenu?" nikauliza. "Morani akiruka vibaya mnamwambiaje?"

Koko akafikiri. "Morani akiruka kisigino hakitakiwi kugusa chini. Basi kwanza tunatafuta mahali pazuri. Huwezi kumrusha mtoto wa watu juu ya mawe au juu ya mashimo ya panya. Ukimvunja mguu, nani atachunga ng'ombe? Mahali pakiwa pabaya tunahama. Pakiwa pazuri na bado hawezi kuruka, ndipo tunamcheka."

Nilimeza mate. Rafiki yangu aliniangalia kwa jicho la pembeni, maana alijua kilichonipeleka kule.

SASA TUIRUDIE ILE METHALI

Asiyejua kucheza husema uwanja mbovu. Niliipima kwa njia zote tatu.

Maneno yake: yanataja uwanja, si jukwaa la mbao. Ni methali ya watu waliocheza pekupeku juu ya ardhi.

Majirani: Wahindi wana methali kwamba asiyejua kucheza husema ua wa nyumba umepinda. Wamalay wa mashariki ya mbali husema kwamba asiyejua kucheza hulaumu sakafu kuwa haiko sawa. Tazama jinsi pwani za Bahari ya Hindi zinavyocheka kicheko kimoja! Sidai kwamba nani alimwibia nani. Huenda kila penye wachezaji pana wenye visingizio.

Kazi yenyewe: hapa ndipo nilipokamatika. Ili methali hii iwe na maana, lazima viwanja vibovu viwepo kweli. Kisingizio hakiwezi kuaminika na mtu kama jambo lenyewe halitokei. Mchezaji mvivu analaumu uwanja kwa sababu wachezaji hodari wamewahi kuumizwa na uwanja. Kwa hiyo mwenye kuitumia methali hii ana kazi moja ya kufanya kwanza, nayo ni kuinama akaukague uwanja.

Mimi sikuinama. Niliporudi kutoka Kajiado nilienda nyuma ya bwalo na rula. Ninyi nyote mnaujua udongo wetu wa Kitengela, ule mweusi. Wakati wa mvua hunyonya maji ukavimba na kutushika viatu mpaka tunatembea kama ndovu. Wakati wa kiangazi hukauka, ukanywea na kupasukapasuka. Pale alipoangukia yule dada palikuwa na ufa mpana wa sentimita nne. Niliitia rula yangu ya sentimita thelathini, ikazama yote, nusura nisiipate. Kidole gumba cha mtu kingeingia hapo, mguu mzima ungefuata.

Basi hakuwa akitoa kisingizio. Alikuwa akitoa taarifa.

MIZAHA INA MWENYEWE

Kuna msanii mmoja niliyemsoma katika kazi hii ambaye simsahau. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880. Aliuza vyungu kabla ya kuingia mjini na kuwa malkia wa taarabu. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake katika Wasifu wa Siti Binti Saad. Mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay katika sahani za santuri zilizovuma Afrika Mashariki nzima. Lakini kabla ya hayo wapinzani walimtungia nyimbo za kumkejeli, wakimcheka kwa umaskini wake na kwa kutoka shamba. Naye akawajibu kwa wimbo kwamba sura na nasaba si kitu mbele ya akili. Leo wanaokumbukwa ni nani, yeye au waliomcheka?

Siti alikuwa na jukwaa la kujibia. Yule dada yetu hakuwa nalo. Mzaha wa ngomani una kanuni zake: anayechekwa hupewa zamu naye acheke. Lakini mzaha wa kumi dhidi ya mmoja, tena kwenye foleni ya chakula, huo si utani. Huo ni kumzomea mtu.

Nilimfuata maktabani siku sita kabla ya mashindano. Sikujua nianze vipi, nikamwonyesha rula yenye udongo mpaka mwisho. Nikamwambia, "Dada, uwanja ni mbovu kweli. Nisamehe."

Akaitazama rula, kisha akanitazama. "Nilikwambia," akasema, kisha akarudi kwenye kitabu chake.

Hakukubali siku hiyo. Siku ya pili alituma ujumbe kupitia kwa rafiki yake kwamba atarudi kwa masharti mawili: nyufa zizibwe, na mimi nilitamke jina lake halisi gwarideni. La kwanza tulilifanya jioni ileile. Waliokuwa wakicheka ukutani ndio waliobeba changarawe kwa karai, tena bila kulazimishwa na mtu. La pili lilikuwa gumu zaidi. Lakini nililifanya asubuhi, mbele ya shule nzima, na magoti yakinigongana.

Mashindanoni hatukushinda. Tulikuwa watatu, na siku chache za mazoezi zilizobaki zilikuwa haba. Ngoma ya watoto haikeshi, mtasema, na safari hii ni kweli: tulipoteza siku kwa upuuzi wetu wenyewe. Ila yule dada alicheza bila kujikwaa hata mara moja, na watu wa shule nyingine waliinuka kumpigia makofi. Aliwatoka jasho.

Kwa hivyo wenzangu, misemo yetu ni mali. Itumieni, ichezeni, ipambeni insha zenu upate alama mwalimu akitabasamu. Lakini kila msemo ulizaliwa na mtu aliyekuwa akifanya kazi fulani kwa mikono au kwa miguu yake: akiwamba ngozi, akichonga gogo, akikanyaga ardhi. Kabla hujamrushia mwenzako, uliza ile kazi inasema nini. Na ukiwa Kitengela wakati wa kiangazi, beba rula.

Kalamu naiweka chini hapa. Mwenye msemo mwingine wa ngoma au maigizo kutoka kwao, awe anatoka Loitokitok, Ngong au Namanga, aulete chamani siku ya mkutano, pamoja na kazi iliyouzaa. Kwaherini ya kuonana.